Kuchua watu kwa malipo bila cheti, hapa Dodoma

Dada, umeuliza kama unaweza kuchua watu kwa malipo pale kwako Nkuhungu, wakati ujuzi wako ni wa bibi tu na cheti huna. Tenganisha mambo mawili. Biashara yenyewe inataka TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, mamlaka ya mapato, na leseni ya jiji, hata kama ni chumba kimoja na kitanda. Cha pili ni maneno utakayoandika kwenye bango. Ukiandika "masaji ya kupumzisha mwili", sawa. Ukiandika "natibu mgongo, natibu kiharusi", umeingia kwenye tiba, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inataka mtoa huduma asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Fiziotherapia (tiba ya viungo) ndiyo usiitaje kabisa, ile ni taaluma ya watu waliosomea.

Halafu, cheti au bila cheti: mteja akija na mguu mmoja uliovimba, una joto na unauma, usiukande. Huenda ni damu iliyoganda. Mwambie awahi hospitali, na hela yake usiichukue. Wa kuvunjika mfupa hali kadhalika.