Unataka kuendesha semina ya usawa kazini? Malizana na bosi kwanza, ukumbi baadaye

Tangu Januari 2025, Trump aliposaini ile amri ya kufuta programu za utofauti, usawa na ujumuishi kwenye serikali ya Marekani, watu wa HR (rasilimali watu) huku Mbeya na Iringa wananiuliza swali lilelile: sasa izi semina si ndo zimeisha? Naelewa kwanini wanauliza. Miradi mingi huku Nyanda za Juu Kusini ilikuwa inaishi kwa hela za Wamarekani, na watu walizoea kuiona semina ya ujumuishi kama sharti la mfadhili, unaifanya, mnapiga picha ya pamoja, unaambatanisha kwenye ripoti, mnakunywa soda, basi.

Mfadhili kaondoka ila sheria iko palepale, na ni ya kwetu wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua mtu kwa kabila au alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU, umri, na orodha bado inaendelea. Kumnyanyasa mtu kwa mambo hayo nako kunahesabika ni ubaguzi. Kwahiyo akija bosi akakwambia hayo ni mambo ya wazungu, mfungulie hicho kifungu asome mwenyewe, usibishane nae.

Sasa ushauri wangu mkubwa kwa mtu anaeanza kazi hii, na hapa naongea na wewe HR wa kiwanda cha chai, meneja wa hoteli, na wewe mwezeshaji unaetafuta jina: usisimame mbele ya wafanyakazi kabla bosi hajakubali kitu kimoja kinachoshikika atakachobadilisha. Nimeshaendesha izi semina mashambani, viwandani na kwenye maofisi ya mjini, na tofauti ya semina inayokumbukwa na ile inayosahaulika kabla chapati hazijapoa naionaga hapo. Wafanyakazi wetu si wajinga, wameshakalishwa kwenye semina za kila aina, wanajua kabisa kutofautisha maneno na mambo, ukiwaambia wote ni sawa alafu kesho yake kibarua anakatazwa kupita mlango wa mbele, umewafundisha kitu kimoja tu, kwamba na wewe ni wale wale.

Ili ujue umuombe bosi nini, nenda kabla. Usiende na projekta, nenda mikono mitupu, kaa na watu wanapokula. Kuna kiwanda kimoja cha kufungasha parachichi HR wake aliniambia shida yao ni ukabila, nikaenda kukaa na kinamama wanaochambua matunda, hakuna hata mmoja aliegusa kabila. Walichoongea ni choo. Choo kiko mbali, ukienda unaandikiwa dakika, na mama aliejifungua anarudi kazini hana pa kunyonyeshea, maziwa yanamlowesha gauni mchana kutwa huku mtoto analia nyumbani kwa bibi. Wakati sheria hiyohiyo ya 2004 inampa mama ruhusa ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi hadi saa 2 kwa siku, na wale kinamama walikuwa hawaijui, na HR aliijua ila hakuna aliewahi kumuuliza. Bosi alipokubali kutoa chumba kimoja kilichokuwa kinawekwa maboksi, mi ndo nikakubali kupanga tarehe. Kwenye semina yenyewe hatukuhitaji maneno mengi, tuliongelea chumba, saa zake, nani anashika zamu ya mwenzie akienda kunyonyesha, na humohumo wanaume wakaanza kuuliza na sisi je, tukaingia kwenye likizo ya baba akipata mtoto, siku 3 za malipo, wengi walikuwa hawajawahi kuichukua.

Tarehe nayo usiichukulie poa. Ukiweka Jumamosi umewatoa Wasabato, ukiweka Ijumaa mpaka saa 8 mchana umewatoa Waislamu wanaotaka kwenda msikitini, na ukifungua kwa sala ndefu ya Kikristo (huku kwetu Wamoravian na Walutheri tumejaa, tunajisahau) umeshawaambia baadhi ya watu kwamba hii shughuli si yao hata kabla hujaandika kichwa cha habari kwenye flip chati. Na mchuma chai analipwa kwa kilo. Ukimtoa shambani nusu siku msimu majani yamechangamka bila kumlipa, umemkata mshahara ili umfundishe usawa. Hilo liandikwe kwenye bajeti mapema, anaekuja anahesabiwa siku yake, la sivyo utapata ukumbi uliojaa watu wa ofisini peke yao wakiongelea vibarua ambao hawapo.

Utani sasa. Hapa ndo penye kazi, maana ukimwambia mtu wa Iringa au Tukuyu kwamba utani wa makabila ni marufuku kazini atakuona umetoka sayari nyingine, na mi siko upande wa kuukataza. Wazee wanasema utani wa Wahehe na Wangoni ulikuja baada ya kupigana vita karne ya 19, watu waliomwagiana damu wakatafuta namna ya kukaa pamoja, hicho si kitu cha kutupa. Lakini angalia nani anamtania nani. Mhehe na Mngoni wote wapanga magogo pale Mafinga, huyu anatupa ule utani wa kula mbwa, yule anarudisha la kwake, wanacheka, wanagawana sigara, hapo hamna shida. Supavaiza akimwambia kibarua wake maneno yaleyale mbele ya wenzie, yule kibarua atarudisha nini, na kesho supavaiza ndo anaeandika majina ya watakaopata kazi? Huo si utani tena maana mmoja amefungwa mdomo. Kwahiyo nikifika hapa sihubiri, nauliza tu: humu ndani nani anakutania na wewe huwezi kumrudishia? Wanakaa kimya kwanza, alafu kuna mtu nyuma kule anasema jina, ukumbi mzima unacheka kile kicheko cha kujua, na mjadala unaenda wenyewe mpaka unakosa pa kuukatia.

La lugha liko karibu na hilo. Kikao kinaanza Kiswahili kinaishia Kinyakyusa, na yule Mkinga au kijana wa kutoka Mwanza anabaki anaangalia dari. Watu hawafanyi kwa ubaya, wamezoeana tu, na salamu za "kamwene" na "ugonile" mi nazipenda sana asubuhi. Ila maelekezo ya kazi, usalama wa mashine na nafasi za kazi viongelewe kwa lugha ambayo kila alieko kazini anaisikia. Ukikuta nafasi za kazi zinatangazwa kwa kilugha wakati wa chai, umeshajua kwanini idara nzima ni ukoo mmoja.

VVU, hapa naomba usikilize vizuri. Njombe, Iringa na Mbeya ndo mikoa yenye maambukizi ya juu nchini, kwahiyo kwenye ukumbi wako wenye watu hamsini wapo wanaoishi na virusi, hata usiulize. Kuna wawezeshaji wanapenda kumsimamisha mtu atoe ushuhuda, ukumbi unalia, picha nzuri, alafu yeye anabaki na hao watu kazini mwaka mzima na wewe umeshapanda basi. Usifanye hivyo hata akijitolea mwenyewe, mwambie akae nayo siku mbili kwanza. Cha kufanya ni kuangalia fomu ya ruhusa. Sehemu nyingi mfanyakazi akiomba kwenda kliniki kuchukua dawa lazima aandike sababu, fomu inapita kwa supavaiza, kwa karani, kwa mlinzi getini, mpaka anatoka nje siri imeshafika kwa mama ntilie. Ondoa huo mstari wa sababu, iandikwe "hospitali" inatosha, vyeti vya hospitali abaki navyo mtu mmoja. Ni mabadiliko ya bure kabisa na sijaona bosi aliekataa akishaelezwa.

Kwa ulemavu, sheria ya mwaka 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na watu wenye ulemavu angalau asilimia 3. Mabosi wengi wakisikia hivyo wanakwambia kazi zetu ni ngumu hawataweza. Usijibu, wapeleke Iringa mjini wakanywe kahawa pale Neema Crafts, wahudumiwe na viziwi, waandike wanachotaka kwenye karatasi kiletwe sawasawa, alafu mrudi kwenye hilo swali mkiwa njiani. Na mtu mwenye ualbino kama yupo kiwandani, cha kwanza ni kofia pana, mafuta ya kukinga jua na kazi ya kivulini kama anaitaka, kabla ya hotuba yoyote ya kumwita mwenzetu.

Wakubwa wakae wapi? Wakae katikati ya watu, na wasiongee wa kwanza. Meneja akishafungua kwa kusema "sisi hapa ni familia moja", imekwisha, nani atasimama kumpinga baba? Mpe kazi ya kusikiliza na kuandika. Watafiti Frank Dobbin na Alexandra Kalev waliangalia takwimu za miaka 30 za kampuni zaidi ya 800 za Marekani wakaona kuwalazimisha mameneja kuhudhuria mafunzo haya mara nyingi hakuleti kitu na pengine kunawapandisha hasira, ila meneja akipewa jukumu, kumlea kijana fulani kazini au kukaa kwenye kamati inayofuatilia, mambo yanasogea. Na mi huku naona hivyohivyo. Yule mzee wa zamu anaesema enzi zetu hakukuwa na haya, ukimshambulia mbele ya vijana umempoteza, ukimpa yeye ndo asimamie ratiba ya kile chumba cha kunyonyeshea utashangaa anavyofukuza watu wanaotaka kurudisha maboksi.

Baada ya kama miezi mitatu rudi. Wala usianzie ofisini, HR atakwambia tunaendelea vizuri, anzia kwa mlinzi, mpishi, na kinamama wa usafi, waulize kile kilichoahidiwa kipo au hakipo. Ili waweze kukujibu, siku ya semina andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili, kilichokubaliwa, cheo cha alieahidi, na tarehe ya mwisho, ubandikwe pale wanapobandika zamu, na kopi abaki nayo mwakilishi wa vibarua.