Majani katika chakula cha kware: kwa wewe unayeanza kufuga Pemba

Wengi mnaokuja kutazama banda langu hapa Wete mna suali moja: nitie majani gani ili kware watage zaidi? Nami huwauliza kwanza, kabla ya hayo majani wanakula nini?

Kware hawa wa Kijapani huanza kutaga wakiwa na wiki sita au saba. Yai lina gramu kumi na kitu, na mama mwenyewe kwa siku hala zaidi ya gramu 20 hadi 25. Ndani ya chakula hicho kidogo anataka protini kama asilimia 20 na kalsiamu kama asilimia 2.5. Kwa hiyo kila gramu ya jani unayomlisha imekaa mahali pa gramu ya dagaa, mashudu au mahindi. Hilo mimi nilichelewa kulijua.

Masika yangu ya kwanza nilisikia kwamba majani makavu ya mlonge, ambao wazee wengine huuita mzunze, karibu robo yake ni protini. Nikatia kilo tano katika gunia la kilo 50 na mashudu nikayapunguza. Nilikuwa na majike 100 wanaonipa mayai sabini na kitu kwa siku. Haikufika wiki mbili nikawa naokota hamsini. Majani yana nyuzinyuzi nyingi, ndege anashiba upesi, na unga wa kijani uliobaki niliukuta umelala chini ya kihori. Siku hizi natia kilo moja kwa gunia, na kilo mbili sizivuki.

Basi faida iko wapi? Iko kwenye kiini, na inaonekana kwa macho. Mahindi tunayonunua ni meupe, na ndege anayeyategemea hutoa kiini kilichopauka. Mlonge una rangi ile ya njano inayohamia kwenye yai, na ukianza leo, baada ya siku kumi hivi kiini kimeshabadilika. Wateja wangu wa mahoteli wanalitazama sana hilo. Lakini msiwaambie watu kwamba kiini cha njano ni ushahidi wa yai kuwa na nguvu zaidi. Ni rangi, na mteja ana haki ya kuambiwa kweli.

Kazi kubwa ni kukausha, na hapa nakuomba usiharakishe. Chuma majani asubuhi umande ukishakauka, pukusa vijiti vyote, tandaza juu ya jamvi safi kivulini penye upepo, yawe membamba, na uyageuze mara kwa mara. Jua kali linaiunguza ile rangi unayoitafuta. Jani liko tayari linapovunjika likilia mkononi. Likikunjika tu, bado. Twanga kwenye kinu, chekecha, weka kwenye chombo kinachofunga. Mimi nakausha ya kutosha wakati wa kaskazi, maana masika hewa ya Pemba haikaushi kitu. Ukiona weupe wa ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, mwaga yote. Usichague yaliyo mazima, kwa sababu sumu ya ukungu haionekani.

Mimea mingine nitaipitia kwa ufupi. Lukina, ule mti wa malisho ya ng'ombe na mbuzi, ina sumu yake inayoshusha utagaji ikizidi, mimi nimeiacha. Majani ya mparachichi, yaani mwembe mafuta, usiyasogeze bandani kabisa, yanaua ndege. Kitunguu thomu kilichokaushwa natia kiganja kimoja kwa gunia, si zaidi. Karafuu najua zimetuzunguka na zinatutamanisha, lakini nilipotia unga wake ndege waliususa ule mchanganyiko kwa ukali wa harufu. Na hakuna jani lolote linalotibu kideri. Ukiona ndege wanazubaa na kupinda shingo, mtafute bwana mifugo siku hiyohiyo.

Maganda yakiwa laini, msilaumu mlonge. Hapo ni kalsiamu. Sisi watu wa pwani tuna makombe ya chaza: yaoshe chumvi, yakaushe, yasage, tia kama kilo tatu kwa gunia la kilo 50. Msichukue chokaa ya tanuu, ile ya kujengea au ya tambuu. Imeshachomwa, nayo inaunguza midomo na matumbo ya ndege.

Ukitaka kujaribu jani jipya, tenga ndege 20 wale hilo jani na 20 wa umri uleule wabaki na chakula cha zamani, banda moja, taa moja. Andika mayai ya kila siku kwa wiki tatu, na pima chakula kinachobaki kihorini. Mizani ya jikoni inatosha. Hiyo inunue kabla hujanunua kware wa pili.