Maswali ya Wasomaji: Mbona filamu ya Watergate haikueleweka?

SWALI: Assalaam alaykum. Tuliwaonesha vijana wa skuli All the President's Men. Nusu walisinzia, waliobaki wakalalamika kuwa rais hawakumuona akijiuzulu. Tumekosea wapi?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam. Filamu hiyo ya 1976 inahusu waandishi wa gazeti la Washington Post waliofuatilia Watergate, kashfa iliyomwangusha Rais Nixon wa Marekani. Ina dakika 138, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ni majina yanayotajwa kwenye simu. Kabla ya kuanza, andikeni ubaoni njia ya pesa. Chini kabisa Bernard Barker, mmoja wa watu 5 waliokamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic, kwenye jengo la Watergate, tarehe 17 Juni 1972; akaunti yake iliingia hundi ya dola 25,000 ya Kenneth Dahlberg, mchangishaji wa kampeni ya Nixon. Juu yao Maurice Stans, msimamizi wa fedha za kampeni, kisha Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu. Jina likitajwa, mmoja wenu alioneshe ubaoni.

Waambieni pia kwamba Mwanasheria Mkuu wa Marekani ndiye mkuu wa Wizara ya Sheria, na FBI imo humo. Asiyelijua hilo hatashtuka akisikia John Mitchell alidhibiti mfuko wa siri wa kampeni akiwa bado kwenye kiti hicho.

Pa kusimamisha filamu ni pale mwandishi Bernstein anapompigia simu mwanasheria wa serikali kuhakikisha habari kwamba Sloan, aliyekuwa mweka hazina wa kampeni, amemtaja Haldeman mbele ya jopo la uchunguzi kuwa mmoja wa waliodhibiti mfuko huo. Wanakubaliana: nahesabu mpaka 10, habari ikiwa na kasoro, kata. Simu haikatwi, habari inachapishwa, na wakili wa Sloan anaikanusha kwenye televisheni. Haldeman kweli alikuwa na mkono katika mfuko ule, ila Sloan hakulieleza hilo mbele ya jopo, maana hakuulizwa. Na yule wa kwenye simu aliyafahamu maelekezo kinyume! Waacheni vijana wabishane hapo. Ndipo filamu ilipo.

Kujiuzulu kwa Nixon, Agosti 1974, ni mstari tu unaochapwa na mashine mwishoni. Mtu ausome kwa sauti, na taa zisiwashwe mapema.

SWALI: Ipo filamu ambayo mwanasiasa mwenyewe ndiye mwadilifu?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Mr. Smith Goes to Washington, ya 1939, dakika 129, haina rangi. Seneta kijana anasingiziwa kujinufaisha na ardhi ya kambi ya watoto, palepale wakubwa wanapotaka bwawa. Anahutubia mpaka anaanguka. Elezeni mapema kwamba katika Seneti mwenye zamu ya kusema hanyang'anywi kirahisi maadamu hajakaa. Aliyezoea Spika akikata muda pale Chukwani, kwenye Baraza letu la Wawakilishi, atadhani ni chumvi ya filamu.