Celica ya 1995 yenye kutu, iuzwe ngapi?

Ndugu yangu, umeuliza uiuze bei gani Toyota Celica yako ya 1995 iliyolala uani Bububu, pwani ya Zanzibar, kiti kimechanika na kutu imeanza. Usianze na pesa uliyonunulia, wala usimpe dalali nafasi ya kukupangia bei. Ulizia nyingine kama hiyo, iliyo nzima, imelipiwa ngapi. Iliyolipwa, si iliyotajwa. Kisha kwenye bei hiyo toa gharama ya kila tengenezo, na upunguze kidogo kwa usumbufu atakaoupata mnunuzi.

Kutu ndiyo itakayokula bei. Chumvi ya bahari haina huruma na bati. Nyanyua zulia upande wa dereva, bonyeza bati kwa kidole gumba uone kama linabonyea. Halafu funga sumaku kwa kitambaa uipitishe juu ya matao ya magurudumu ya nyuma. Isiposhika, ujue chini ni puti, ile lipu ya kuzibia bati lililooza. Mimi niliuziwa gari inang'aa, mwezi haujaisha fundi bodi akaizamisha bisibisi kwenye kizingiti cha chini ya mlango mpaka mpini. Niliumia sana, kwa hiyo nakuomba umwoneshe mnunuzi kila tundu.

Mkanda wa taimingi, ule unaofungua vali za injini kwa wakati wake, hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Huna risiti? Hesabu kuwa haujabadilishwa. Iwashe asubuhi injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu maana yake inakula oili.

Kiti kisikutishe, mshonaji anakimaliza. Taa na bampa za asili usiziuze kando na gari, hazipatikani kirahisi na ndizo zitakazokupandishia bei. Ukipata makisio ya fundi, nitumie tupige hesabu pamoja.