Dirisha lako linatazama wapi?

Nina kiwanja Kigamboni, mbele kunatazama magharibi. Ramani niliyonunua ina vioo vikubwa upande huohuo. Niendelee?

Usichimbe msingi bado. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na paa linalikinga. Linalotesa ni la alasiri: linakuja limeinama, linapita chini ya upenu hadi kwenye kochi, na ukuta wa tofali unalihifadhi joto lake mpaka saa ya kulala. Mlango utazame barabara, sawa, lakini madirisha si lazima yaufuate. Magharibi weka stoo, choo na ngazi. Vyumba vifunguke kaskazini na kusini, maana hata upepo unatoka pande hizo: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa joto kali, na kusi katikati ya mwaka. Uwe na pa kuingilia na pa kutokea. Halafu dirisha lenyewe: slaidi ya alumini hufunguka nusu tu. Umelipia mita mbili, umepata upepo wa mita moja.

Fundi anasema paa la kuficha ni la kisasa na lina nafuu. Kweli?

Bati na mbao huenda zikapungua, ila tofali za ukuta wa kulizungushia na kulificha zinaongezeka, na hapo hujagusa mfereji wa maji ulio nyuma ya ukuta huo. Mfereji huo ukizibwa na majani ya mwembe wa jirani wakati wa masika, maji yatateremkia kwenye jipsamu. Tena upenu haupo, kwa hiyo ukuta unalowa na kuungua kwa zamu. Mimi ningepaua kawaida: bati la rangi ya kung'aa, upenu wa sentimita 90, matundu ya kutolea joto juu ya dari. Wakisema ni la kizamani, waache.

Tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshikana zenyewe, zinakubali udongo wowote?

Hapana. Tia udongo na maji kwenye chupa, tikisa, acha utuame. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka. Udongo ukifaa, utaokoa kuni za kuchomea na saruji ya kuungia. Zimwagiliwe siku 7, zikiwa zimefunikwa nailoni. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharakisha.

Mama anataka baraza nje. Mke wangu anasema ni ushamba, nafasi iende sebuleni.

Shemeji anisamehe, niko na mama. Katika nyumba zetu za pwani, baraza ndiyo sebule ya mtaa: mgeni anakaa, kahawa inanyweka, na walio ndani na uani wanabaki na faragha yao. Sebule ya vioo inayotazama njia mtashinda mmeishushia mapazia. Gharama ya baraza ni safu chache za tofali na zege jembamba, kivuli tayari kimetoka kwenye upenu. Muulize mama atakaa na wangapi pale, ndipo uamue urefu wake.