Jibu: Chungu wa maji moto kwenye mchungwa, nipulize dawa?

Dada, weka bomba la dawa chini kwanza. Umesema chungu wekundu wamewang'ata watoto walipopanda mchungwa. Angalia juu: ukikuta majani mabichi yameshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe, hao ni maji moto, na ndio askari wa huo mti. Hula viwavi na wadudu wengine. Kwenye minazi humfukuza kunguni anayefyonza vidaka mpaka vipukutike, na kwenye mikorosho hupunguza mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, si mbu wa kawaida. Ukiwaua, hao wengine watajaa.

Kung'ata wanang'ata kweli. Anashika kwa taya, anapinda tumbo, anamwaga asidi palepale kwenye jeraha, ndiyo maana panawaka. Osha kwa maji na sabuni. Ikiingia jichoni, suuza sana. Mtoto akivimba uso au akihema kwa shida, hospitali mara moja.

Machungwa yachumeni asubuhi kungali baridi, kwa ngoe, na mchumaji ajipake majivu mikononi na miguuni. Tawi linaloning'inia njiani kata tu, na kiota chake. Kasoro yao ni kufuga wadudu gamba, vidudu vinavyofyonza utomvu wa mti, lakini mimi hilo nalivumilia.