Maswali ya Kilatini: Usikiamini Kiingereza Haraka

Maswali mengi ya safari hii yanahusu msamiati. Sishangai. Wengi wetu tunaosoma Kilatini huku kwetu, iwe seminarini, kwenye sheria au udaktari, tunakifikia kwa kupitia kamusi ya Kiingereza, na humo ndimo shida nyingi zinamoanzia.

Shikamoo Mwalimu. Nasikia zaidi ya nusu ya maneno ya Kiingereza yana asili ya Kilatini. Nikijua Kiingereza vizuri, si tayari nina msamiati wa bure? (Mwanafunzi wa seminari ndogo)

Marahaba. Una sura za maneno, maana bado. Chukua *egregius*. Limeundwa kwa *grex*, kundi la mifugo, na maana yake ni aliyejitokeza nje ya kundi kwa ubora. Cicero, msemaji na mwandishi wa Roma ya kale, akimwita mtu *vir egregius*, anamsifu. Kiingereza cha leo kimeligeuza: "egregious" ni kosa la kupindukia. *Familia* nayo si baba, mama na watoto tu. Ni nyumba nzima iliyo chini ya mkuu wake, watumwa wakiwemo, na mara nyingi neno hilo linawataja watumwa hasa. Na *classis* kwa Caesar, jemadari wa Kirumi aliyeandika habari za vita vyake, aghalabu ni kundi la meli za vita, lakini kila mwaka napokea daftari ambamo Warumi wanapoteza darasa zima baharini kwa dhoruba.

Kwenye kadi zako za msamiati, upande wa pili andika Kiswahili. *Officium*: wajibu. *Studium*: bidii, shauku. Ukiruka Kiingereza, "ofisi" na "masomo" havitapata nafasi ya kukudanganya.

Kwa nini kamusi hutaja nomino mara mbili, *rex, regis*? Na *fero, ferre, tuli, latum* kweli ni kitenzi kimoja?

Umbo la kwanza huficha shina. *Rex* ni mfalme. *Regis*, "wa mfalme", ndilo linalokuonyesha shina *reg-*, na maumbo mengine yote yanajengwa hapo: *regem, reges, regum*. Nani angebashiri kwamba *iter*, safari, litageuka kuwa *itineris*? Kamusi za Kiswahili nazo hutupa ngeli pamoja na nomino, na hatulalamiki.

*Fero* ni kimoja, ndiyo: kubeba. Sehemu zake zimetoka katika mashina tofauti ya kale yakaunganishwa. Hapa nikitendee haki Kiingereza, kwa kuwa kinasaidia: "refer" na "relate", "transfer" na "translate", "confer" na "collate" ni jozi za kitenzi kilekile, moja kutoka *fero*, nyingine kutoka *latum*.

Eti tofaa la Adamu na Hawa limetokana na Kilatini?

Kwa kiasi fulani. Nyoka anasema katika Biblia ya Kilatini, tafsiri ya Jerome, kwamba watakuwa *scientes bonum et malum*, wakijua mema na mabaya (Mwanzo 3:5). *Malum* yenye *a* fupi ni uovu. *Mālum* yenye *a* ndefu ni tofaa. Mchezo huo wa maneno ulikuwa mtamu mno kuachwa. Lakini tunda lenyewe halikutajwa jina: Hawa *tulit de fructu illius*, alitwaa katika matunda yake, basi. (Hilo *tulit* ndilo *fero* wetu wa swali lililotangulia.) Mchoraji Michelangelo, kwenye dari la kikanisa cha Sistine huko Vatikani, alichora mti wa tini.

Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi kuhusu kistari juu ya irabu. *Os* ni mfupa, *ōs* ni kinywa. *Venit* anakuja, *vēnit* amekuja. Ukijifunza neno bila urefu wa irabu zake, utalijifunza mara mbili.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Tunaandika bd, tds, prn. Ni Kilatini hicho?

Ndicho. *Bis die*, mara mbili kwa siku. *Ter die sumendum*, ya kutumiwa mara tatu kwa siku. *Pro re nata*, neno kwa neno "kwa jambo lililozaliwa", yaani hali ikihitaji. Chunga od: kwa mmoja ni *omni die*, kila siku, kwa daktari wa macho ni *oculus dexter*, jicho la kulia. Kwenye cheti cha dawa andika maneno kamili. Mgonjwa hasomei upadri.

Je, Kiswahili kina maneno yaliyotoka Kilatini?

Mengi kuliko unavyodhani, ila hayakuja moja kwa moja. Mreno alileta meza (*mensa*), mvinyo (*vinum*), padri (*pater*), na pera (*pirum*), ambalo kwa Warumi ni tunda jingine kabisa. Mjerumani alituachia shule, kutoka *schola*, ambalo Warumi walilichukua kwa Wagiriki, nao walimaanisha wakati wa mapumziko. Waambie watoto wako hilo uone.

Njia ninayoipenda zaidi ni ile ya Kiarabu. Dinari ni *denarius*. Kasri, kwa maoni ya wataalamu wengi, ni *castrum*, ngome. Sirati, ile njia ya Siku ya Kiyama, inarudi hadi *strata*, barabara iliyotandikwa mawe, ambayo pia imewapa Waingereza "street". Na sabuni ni *sapo*. Hili hata Warumi waliliazima: Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi, anasema ni uvumbuzi wa Wagallia, wenyeji wa Ufaransa ya kale, wa kufanya nywele ziwe nyekundu. Hasemi lolote kuhusu kufua.

"Ndiyo" kwa Kilatini ni nini?

Hakuna neno moja. Mrumi hurudia kitenzi: *Venistine? Veni.* Umekuja? Nimekuja. Unaweza pia kusema *ita*, "hivyo", au *sane*, "hakika". Kwa kukataa, *minime*.